Jagi la Fumbo: Kilichokuwa Ndani ya Kishikio

Tulipoachana wiki iliyopita, Thomasine Prust alikuwa amelishika jagi kwa mikono miwili mbele ya nusu ya kijiji cha Yeocombe, na Hakimu Luxmoore alikuwa amemwambia neno moja tu: "Kunywa."

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki ile lilikupita, mambo ni haya. Hannibal Prust, mwenye mikokoteni, alianguka siku ya soko ndani ya kilabu cha Digory Vanstone, ameshika tumbo, anapiga mayowe. Alikuwa ametoka kunywa pombe ya matofaa kwenye jagi la fumbo, lile ambalo shingo yake imetobolewa matundu pande zote, kiasi kwamba ukiliinamisha kama jagi la kawaida linakumwagia kifuani. Jagi lenyewe lilifinyangwa na Thomasine, mke wa kaka yake Hannibal. Na wiki moja kabla ya hapo, shemeji hao wawili walitukanana hadharani, Hannibal akitaka karakana ya ufinyanzi irudi mikononi mwa ndugu wa damu.

Basi watu wakasema sumu. Na mwenye kumwekea mtu sumu katika jimbo la Devon hunyongwa.

Ilikuwa saa sita mchana, siku ya pili yake. Jagi lilikuwa limefungiwa kabatini na askari wa kijiji, Nott, na pombe iliyobaki ilikuwa bado ndani.

"Unangoja nini?" Luxmoore aliuliza.

"Nangoja wanyamaze," Thomasine alisema. "Na wakichelewa kunyamaza, nitaketi. Miguu inaniuma."

Msidhani alikuwa jasiri. Alikuwa amechoka. Tangu alfajiri alikuwa amekanda udongo, amepanga vyungu kwenye tanuri, na amemlisha mumewe uji kwa kijiko. Miaka sita sasa alikuwa akifanya kazi ya watu wawili. Mtu aliyechoka namna hiyo hata kamba ya kunyongea anaitazama kama kazi nyingine inayomsubiri.

Charity Prust, dada yake Hannibal, alisukuma watu akaja mbele. "Kunywa, wifi! Si ulitengeneza kwa mkono wako? Kwani unaogopa nini?"

"Siogopi, wifi. Nasikiliza unavyopiga kelele."

Watu wakacheka. Charity akavimba.

Thomasine akalikumbatia jagi. Kwenye ukingo wa juu palikuwa na vidomo vitatu vidogo. Akaziba viwili kwa vidole. Kidole kingine akakipeleka chini ya kishikio, mahali ambapo jicho halifiki, akaziba tundu la siri. Kisha akanyonya kidomo cha pembeni. Pombe ikapanda kupitia kishikio, ambacho ndani ni bomba tupu, ikazunguka ukingoni, ikaingia kinywani. Hata tone moja halikumwagika.

Alikunywa mpaka jagi likatoa mlio wa hewa. Akalirudisha mezani, akajifuta mdomo.

Watu wakangoja aanguke.

Wakangoja tena.

"Nikae au nisimame?" Thomasine aliuliza. "Maana mkingoja mpaka jioni, tanuri langu litapoa."

Vanstone, mwenye kilabu, alipiga meza kwa furaha. "Mmeona? Jagi langu ni safi! Hannibal kala nyama iliyooza huko njiani!"

"Subirini!" Charity alipaza sauti. "Kanyonya kidomo cha pembeni. Kaka yangu siku zote hunyonya cha katikati. Kila mtu humu anajua! Yeye ndiye aliyelitengeneza, yeye ndiye ajuaye sumu imekaa wapi!"

Furaha ya Vanstone ikafa hapo hapo.

Luxmoore akalisogelea jagi, akachungulia kidomo cha katikati kwa jicho moja. Hakuona kitu. Bomba la kishikio halichunguliki. Halioshwi wala halikaushwi pia, ingawa siku hiyo hakuna aliyelifikiria hilo, ila mmoja.

"Livunje," Thomasine alisema.

"Mama, usinitanie!" Vanstone alilikumbatia jagi kama mtoto mchanga. "Watu wanatoka Bideford kwa ajili ya hili. Wanakuja kulowana, wenzao wanawacheka, wanabaki kunywa. Ukilivunja, mimi nitauza nini? Sura yangu?"

"Sura yako hata bure hapana, Digory," mtu alijibu kutoka nyuma.

"Lete hapa," Luxmoore aliamuru.

Thomasine mwenyewe ndiye aliyelivunja. Hakutaka mtu mwingine alivunje. Alichukua kisu cha jibini, akageuza mpini wake, akagonga kishikio mara moja juu na mara moja chini. Kikatoka kizima, halafu kikapasuka katikati kwa urefu.

Ndani ya bomba lile palitakiwa pawe laini, pamefunikwa ule utelezi wa kioo ambao moto wa tanuri huutoa kwenye dawa ya kung'arishia. Hapakuwa laini. Palikuwa na ukoko mweupe, mzito, umeliwa mashimo mashimo kama jino bovu.

Watu wote waliokuwa karibu wakarudi nyuma.

"Hii ni nini?" Luxmoore aliuliza.

Thomasine aligusa ukoko kwa ncha ya kidole, akaupeleka ulimini.

Ulikuwa mtamu.

Kidole kikabaki ulimini. Utamu ule aliujua. Alikuwa ameukuta miaka mingi kwenye midomo ya mumewe, kila jioni alipotoka kusaga madini ya risasi kwa ajili ya kung'arishia vyungu. Enzi zile akimtania kwamba ameolewa na mtu aliyepakwa asali.

"Sumu!" Charity alilia. "Mwoneni uso wake! Anajua!"

"Askari," Luxmoore alisema. "Mshike."

Nott alikuwa ameshamshika mkono pale mlango ulipofunguliwa kwa bega.

Alikuwa Zachary Prust, mumewe. Tangu kiangazi hakuwa ametoka nje ya ua wake. Alifungua mlango kwa bega kwa sababu mikono haikuweza. Viganja vyake vilining'inia kutoka kwenye vifundo vya mikono kama glavu zilizoanikwa, na alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne.

"Kaka, rudi nyumbani," Charity alisema, sauti imebadilika. "Hili si lako."

"Jambo la mke wangu si langu? Tangu lini?" Zachary alipumua kwa shida. Njia ya kutoka kwake ni kilima. "Charity, nijibu neno moja. Hannibal anashikaje hatamu za farasi siku hizi?"

"Kwa mikono. Kama watu wote."

"Charity."

Charity akatazama mikono ya Zachary.

"Anazifunga kiunoni," Charity alisema mwishowe. "Tangu Pasaka. Anasema vidole vimekufa ganzi."

"Na tumbo lilianza lini kumsokota? Jana?"

Charity akakaa kwenye benchi, akaangalia sakafu.

"Mimi nilianza hivyo hivyo," Zachary alisema. "Kwanza tumbo. Halafu vidole. Halafu haya mnayoyaona."

Thomasine alimtazama mumewe kwa muda, kisha akajitoa mkononi mwa Nott. Wala Nott hakumzuia.

"Sikuweka sumu," alisema. "Lakini kilichomwangusha shemeji yangu nilikitia mimi. Nilimimina dawa ya risasi ndani ya kishikio kama ninavyoimimina kwenye vyungu vyote, na moto haukufika huko ndani, haikuiva. Miaka mitatu pombe chachu imelala mle, siku na usiku, inaila. Digory hawezi kuosha humo. Hakuna awezaye. Na ni Hannibal peke yake aliyeliweza jagi, kila siku ya soko mnamjazia bure. Sisi wengine tulikuwa tunalowa kifua tu. Tuna bahati."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo na bakuli zetu?" mwanamke mmoja aliuliza. "Na jagi langu la maziwa?"

"Maziwa si kitu. Usilaze kitu kikali ndani. Siki, pombe ya matofaa, usilaze." Angeweza kuishia hapo. Mimi mwenyewe, nikiwa mahali pake, ningeishia hapo. "Lakini jagi la Digory limemshika mtu mmoja tu. Yeocombe nzima huumwa tumbo kila mwaka. Huanza lini?"

"Oktoba," Vanstone alisema. "Sote tunajua. Ni ule umande."

"Oktoba ni nini kinafunguliwa?"

Watu walitazama buti zao. Oktoba hufunguliwa kinu cha kukamulia matofaa, na kinu kikubwa kuliko vyote, kinachonywesha kijiji kizima, kilikuwa cha Hakimu Luxmoore. Ndani yake kimepigwa bati la risasi kutoka ukingo hadi ukingo, kisivuje.

"Tokeni nje wote!" Luxmoore alisema.

Dakika tano baadaye jikoni kwa Vanstone walikuwa watatu: hakimu, Thomasine na Zachary. Mezani palikuwa na karatasi, wino na kalamu.

Luxmoore hakupandisha sauti. Huyu hakuwa mtu wa kelele. "Mama Prust, nimekuamini. Hukuweka sumu. Kwa hiyo hakuna kunyongwa. Karatasi hii inasema hivi: mfinyanzi alifanya uzembe, dawa yake ilikuwa mbovu, jagi lilikuwa moja, kosa ni lake peke yake. Mtazima tanuri na mtahama parokia hii. Ni hayo tu."

"Na kinu?"

"Kinu hakimo kwenye karatasi."

"Naona hakimo. Ndiyo maana nauliza."

"Usiposaini, Nott atakupeleka jela ya Exeter kama mtu aliyempa mwenzake sumu. Charity Prust ataapa. Ukoko upo, ninao mfukoni. Baraza la mahakama litakusikiliza dakika kumi."

Thomasine akamgeukia mumewe. Zachary alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Saini, Tamsin," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita wakiwa peke yao, na sasa hakujali nani anasikia. "Saini twende. Tumechoka. Mwache kila mtu na tumbo lake."

"Twende wapi?"

"Popote. Kwa dada yako. Utanilisha uji huko huko."

Na Thomasine akashika kalamu. Nisimfiche. Alishika kalamu, akachovya, akaandika herufi mbili za kwanza za jina lake. Alifikiria asubuhi moja tu isiyo na udongo chini ya kucha.

"Vizuri," Luxmoore alisema, akishusha pumzi. "Unafanya la busara. Matofaa yamerundikana uani, na kesho kutwa wavunaji watataka pombe mpya."

Kalamu ikasimama.

"Kesho kutwa mtakamua?"

"Na leo tunakamua. Matofaa hayangoji hakimu."

"Baada ya yote niliyoyasema pale."

"Umesema. Mimi ni hakimu, si mganga. Sijathibitishiwa."

Thomasine akailaza kalamu juu ya karatasi. Wino ukachuruzika ukazifunika zile herufi mbili.

"Tamsin," Zachary alisema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza.

"Najua, mume wangu. Najua. Nisamehe."

Luxmoore alisimama. "Una mpaka kengele ya saa kumi. Karatasi nyingine italetwa. Baada ya kengele, ni Exeter."

Walimketisha nje, kwenye ukuta wa mawe mbele ya kilabu, Nott amesimama kando. Zachary aliketi karibu naye. Hawakugombana. Wenye nguvu ya kugombana ni wale waliolala usingizi wa kutosha.

"Ungenisikiliza mara moja tu katika maisha yako," Zachary alisema baada ya muda.

"Nilikusikiliza uliponiambia tuoane."

"Ndiyo. Na ona palipotufikisha."

Thomasine akamwekea kichwa begani, na Zachary akakaza mwili ili asiyumbe.

Charity ndiye aliyetokea kwanza. Alikuja na shali kichwani, macho mekundu, akasimama hatua tatu mbali.

"Hannibal kafumbua macho," alisema.

"Mungu ashukuriwe."

"Anauliza kama Zachary naye alianza kwa kuona kila kitu kina ladha ya shaba."

"Mwambie ndiyo," Zachary alisema.

Charity alikunja shali, akaikunjua. "Nimwambie atapona?"

Thomasine alifikiria kumdanganya. "Mwambie asiguse pombe ya kinu kile, hata kikombe kimoja. Tumbo litatulia. Mikono sijui, wifi. Ya kaka yako huyu haikurudi."

"Nilikuita muuaji mbele ya watu."

"Nilikusikia. Ulikuwa karibu na sikio langu."

Charity alitaka kusema jambo. Badala yake alivua ile shali, akamfunika nayo Thomasine mabegani, kwa ukali kama anayemfunga mtu mzigo, akaondoka bila kugeuka nyuma. Msitegemee zaidi kutoka kwa wifi. Kwa Charity Prust, hayo yalikuwa magoti mawili chini.

Kengele ilikuwa bado haijalia pale gari la farasi wawili lilipopanda kutoka upande wa jumba la hakimu. Nott alijiweka sawa. Lakini si hakimu aliyekuwa ndani. Hakimu alikuwa bado ndani ya kilabu, anaandikisha karatasi ya pili.

Mlango wa gari ulifunguliwa. Alikuwa Bi Honor Luxmoore, mke wa hakimu, mwanamke ambaye Yeocombe walimwona kanisani Jumapili na kwenye mazishi ya watoto wake, basi.

"Mama Prust," alisema. Hakushuka. "Nimesikia ulichokisema leo. Mpishi wangu alikuwepo. Nataka kukuuliza kitu kimoja, na usinipe jibu la kunipendeza."

"Uliza, Bibi."

"Kinu chetu kilipigwa lile bati la risasi lini?"

Thomasine alihesabu. "Mwaka mliooana, Bibi. Vuli ile. Bwana alitaka kinu kipya kwa ajili ya harusi. Mume wangu alikuwepo walipoleta mabati."

"Miaka tisa."

"Tisa, ndiyo."

Mikono ya Bi Honor ilikuwa imetulia mapajani.

"Mtoto wangu wa kwanza nilimzika miaka minane iliyopita," alisema. "Halafu wa pili. Halafu mapacha. Kila nilipopata mimba, mume wangu alinipa kikombe cha pombe yetu asubuhi, kwa mkono wake. Alisema inaongeza damu. Nilimwona mume mwema." Akainua uso. "Je, inaweza kuwa ni hiyo? Niambie."

Thomasine alisimama. Alitamani kusema hajui, kwa sababu kusema hajui ndiko kungekuwa huruma.

"Wake za wafinyanzi hawazai, Bibi," alisema. "Au wanazaa na kuzika. Mimi nimezika wawili. Tulidhani ni vumbi."

Bi Honor aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesomewa barua ambayo alikuwa anajua imeandikwa nini.

"Panda," alisema. "Na mumeo apande. Exeter wamekuandalia jela, lakini Exeter pia wapo madaktari, na yupo jaji aliyekuwa rafiki wa baba yangu. Utayasema haya mbele yake. Mimi nitakuwa nimeketi karibu yako."

Nott alikohoa. "Bibi, mimi nimeambiwa mpaka kengele..."

"Na umeambiwa Exeter. Nampeleka Exeter. Una shida gani, Nott?"

Nott alitafuta shida yake, hakuipata. Akamsaidia Zachary kupanda, akimshika kwapani, maana mikononi hapashikiki.

Kengele ya saa kumi ikalia. Mlango wa kilabu ukafunguka na Luxmoore akatoka, karatasi mkononi, wino haujakauka. Aliona ukuta mtupu. Aliona gari. Alimwona aliyekuwa ndani.

Alivuka barabara mbio, akamshika farasi wa mbele hatamu.

"Honor! Shuka. Hujui unachokifanya. Umechoka, shuka nikurudishe nyumbani."

Bi Honor aliinama nje ya dirisha. Hakulia, hakupaza sauti.

"Nitashuka," alisema, "ukinitajia majina yao."

"Majina ya nani?"

"Ya wanao. Wanne. Nitajie tu, nishuke."

Luxmoore aliangalia watu waliokuwa wameanza kutoka majumbani. "Richard," alisema. "Richard, na... Elizabeth. Na wale..."

Watu walingoja. Farasi alitikisa kichwa.

"Wale wawili, Honor, hawakuishi hata juma moja."

"Agnes," alisema Bi Honor, "na Philip." Akarudi ndani, akapiga paa la gari kwa ngumi.

Mwendesha gari alikuwa amemtumikia Luxmoore miaka kumi na tano. Alimtazama bwana wake aliyeng'ang'ania hatamu chini yake, akaligeukia lile paa lililogongwa, kisha akainua mjeledi juu ya farasi, na bwana wake alikuwa bado amesimama mbele yao.